Mario wangu ni yule wa feki

Mtoto wa kaka yangu alikuja likizo na Nintendo Switch yake. Siku ya pili akaniita sebuleni: "Shangazi, njoo uone, gemu zako za kizee zimo humu." Nikafuta mikono, nikakaa, nikapewa pedi. Super Mario Bros. ikaanza, na kabla sijafika kwenye bomba la kwanza nilishajua kuna kitu hakiko sawa. Mario alikuwa na haraka. Muziki nao ulikimbia kama bendi inayotaka kuwahi daladala ya mwisho. Nikaruka, nikapitiliza, nikatumbukia shimoni.

"Si ulisema ulikuwa mkali?"

Nilikuwa mkali kweli. Ilinichukua siku mbili za kusomasoma kujua kilichonipata. Gemu ile ilitengenezwa Japani na kampuni ya Nintendo mwaka 1985, kwa televisheni za kule zinazochora picha 60 kila sekunde, na mwendo wake wote unahesabiwa kwa picha hizo: hatua za Mario, mruko wake, hata muziki aliotunga Koji Kondo. Televisheni zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50. Waliotengeneza mashine za kuiga ile ya Nintendo kwa ajili ya masoko kama letu waliifanya mashine ichore 50, ila gemu waliyoitia ndani ilikuwa ileile ya Kijapani, hawakuigusa. Matokeo yake kila kitu kikapungua kasi kwa karibu moja ya sita. Mario niliyekua naye alikuwa mzito kidogo, mtu wa pwani, asiye na presha. Na vidole vyangu, miaka karibu thelathini baadaye, bado vinamngoja yule.

Basi tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi mdogo na biashara nzima ya kuturudisha utotoni.

Kwanza niseme tulitoka wapi. Tanzania Bara haikuwa na vituo vya televisheni mpaka mwaka 1994, wakati wenzetu Zanzibar walikuwa navyo tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo kwa watoto wa Dar wa umri wangu, TV na gemu viliingia nyumbani karibu pamoja, na kwetu sisi vilikuja kwa mkono mmoja: mjomba, aliyekuwa akienda Dubai kuchukua mzigo. Mara hii, juu ya friji za watu na mashuka ya watu, alikuwa na boksi lenye picha ya komando mwenye misuli ambaye hatukuwahi kumwona kwenye gemu yoyote iliyokuwa ndani. Mashine ya plastiki nyeupe, pedi mbili, bunduki ya plastiki, adapta, na kaseti ya njano iliyoandikwa 9999999 in 1.

Neno Nintendo halikuandikwa popote. Sisi tuliita "TV gemu" na mambo yakaisha.

Ile pedi ya pili ndiyo iliyokuwa yangu, maana nilikuwa mdogo na ni wa kike, na kaka yangu alikwisha kata shauri kabla boksi halijafunguliwa vizuri. Pedi ya pili haikuwa na kitufe cha kuanzisha. Kwenye Mario maana yake ni kwamba wewe ni Luigi, na Luigi hachezi mpaka Mario afe. Nimekaa kwenye mkeka ule nikimwombea ndugu yangu wa damu afe, kwa moyo mmoja, kuliko nilivyowahi kuomba jambo lolote chuoni. Akifa, zamu yangu. Nikifa, ambapo ilikuwa mara moja, pedi naiweka chini naanza maombi upya.

Kufunga mashine yenyewe ilikuwa shughuli. Unachomoa waya wa antena, unachomeka wa gemu, unazungusha kitufe cha chaneli taratibu kwenye chenga mpaka picha ichomoze, kwanza kijivu, kisha rangi. Adapta baada ya saa mbili inachemka kama pasi, tunaipepea kwa gazeti. Kaseti ikigoma, unaichomoa unaipuliza. Leo nasoma kwamba kupuliza hakukusaidia chochote: kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya, na unyevu wa pumzi ulikuwa unazila zile shaba polepole. Sawa. Lakini kila mtaa ulikuwa na mpulizaji wake, na wetu aliitwa mpaka nyumba ya tatu.

Halafu ile orodha. Unawasha, unaona ufukwe, mnazi, ndege wanaruka, na namba zinaanza kushuka. Gemu milioni tisa na ushee. Likizo moja kaka yangu alipelekwa kijijini nikabaki na mashine peke yangu, nikaamua nitashuka mpaka mwisho wa orodha nione wametuficha nini. Nilishuka mchana mzima. Mario. Vifaru. Mario anayeanzia hatua ya tatu. Bata. Sarakasi. Contra. Contra yenye roho thelathini. Mario tena, jina limebadilishwa herufi mbili. Nilipofika mia tatu na kitu jua lilikuwa limezama na mama ananiita nikafagie uwanja. Gemu zilikuwa saba. Saba tu, zimevalishwa nguo tofauti. Sikumwambia mtu. Kaka yangu aliporudi nilimwambia nimefika elfu mbili na kule chini kuna gemu moja ya farasi, akahangaika nayo mpaka shule zilipofunguliwa.

Sasa turudi kwenye ugomvi wangu. Mwaka 2016 Nintendo walitoa kimashine kidogo, NES Classic, chenye gemu 30 za zamani, kikagombaniwa madukani kama mchele wa mfungo. Watu wazima walilia mitandaoni wakisema wamerudishiwa utoto. Nikaipitia orodha yake. Mario yumo, hilo halina mjadala. Lakini Contra tuliyoijua sisi haimo. Imo ile iliyoifuata. Bata, wale wa kupigwa kwa bunduki ya plastiki, hawamo. Sarakasi, yule kijana anayepanda simba na kuruka kwenye miduara ya moto, haimo. Na gemu ya vifaru, ile ya kulinda tai ndani ya ukuta wa matofali, haimo.

Hiyo ya vifaru ndiyo iliyonifungua macho. Jina lake ni Battle City, ya kampuni ya Namco, 1985, hatua 35. Ilitoka Japani peke yake. Mtoto wa Marekani wa wakati ule, mwenye Nintendo halali, boksi lake na kijitabu chake cha maelezo, hakuipata dukani. Sisi wa Magomeni tuliijua kwa moyo. Wa Moscow pia waliijua, kwa sababu kule tangu 1992 iliuzwa mashine ya kuiga iitwayo Dendy, yenye nembo ya tembo. Na wa Poland walikuwa na Pegasus yao, na wa Afrika Kusini walikuwa na Golden China. Siku moja kazini nilimtajia mgeni mmoja kutoka Ukraine ile mbinu ya kuingia sehemu ya ujenzi na kumzungushia tai ukuta wa chuma, uso ukamwangaza. Tulichora ramani nyuma ya karatasi ya ajenda. Tulikuwa tumekulia mtaa mmoja bila kujua, mtaa wa feki.

Kwa hiyo nikisikia "gemu za utotoni" nikaletewa picha ya sebule ya Marekani yenye zulia, siku ya Krismasi, mtoto anafungua boksi, najiona kama nimealikwa kwenye msiba wa mtu nisiyemjua. Utoto ule ni wa watu wengine, na unauzwa kwetu kwa dola. Wetu ulikuwa na majina yaliyokosewa na hadithi isiyo na maelezo. Hatukujua Mario anamtafuta nani. Kaka yangu alisema anadai mshahara wake, na nilimwamini mpaka nafika kidato cha pili.

Kuna watakaosema ninatetea wizi. Nimelifikiria hilo. Ni kweli, watu waliozibuni gemu zile, Shigeru Miyamoto na wenzake, hawakupata hata senti kwenye hela ya mjomba, na mimi naishi kwa kazi ya kichwa, najua inavyouma kuibiwa. Sitasema feki ilikuwa haki. Ninachosema ni kwamba ndiyo iliyotufikia. Sikumbuki duka hata moja la Kariakoo ya wakati ule lililokuwa na Nintendo halisi kwenye kabati, na lingekuwepo mama angepita mbele yake kama anavyopita mbele ya duka la dhahabu.

Na kwa kuwa ilikuwa feki, hakuna anayeitunza. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti: katika kila gemu 100 zilizotoka kule kabla ya 2010, 87 hazipatikani tena sokoni. Hizo ni halali, zenye wenyewe na wanasheria. Kaseti za njano nani anazihesabu? Ule ufukwe na ndege wake nani ameuweka kabatini? Watu wachache wenye wazimu wao mitandaoni, Warusi wengi, Mungu awape afya.

Nilijaribu njia ya mkato. Nikaweka kwenye kompyuta programu ya kuigiza mashine za zamani, nikacheza Contra saa ya chakula cha mchana. Programu zile zinakuruhusu kuhifadhi kila hatua. Ukifa unarudi sekunde moja nyuma. Nikaimaliza kabla wali haujapoa. Miaka yote ile hatukuwahi kuimaliza mimi na kaka yangu, kwa sababu hatua ya tatu, ile ya maporomoko ya maji, skrini hupanda na yule wa juu, na wa chini akichelewa skrini inamla. Kaka yangu hakuwahi kunisubiri hata siku moja. Sasa nimeona mwisho wa Contra, helikopta inaondoka, kisiwa kinalipuka, na mimi naosha kijiko.

Nikaamua kama ni kurudi, nirudi kwetu. Mashine nilipata kirahisi kuliko nilivyodhani. Machinga bado anauza, siku hizi inakuja kama kijisimu chenye skrini na orodha ya gemu 400, na ukiichunguza ni mchezo uleule wa nguo tofauti. Iliyo kama yetu, yenye bunduki, nilimkuta nayo mzee mmoja anayeuza rimoti. Tatizo lilikuwa TV.

Nilimfyatulia bata wa kwanza kwenye TV yangu ya kisasa, inchi 43. Hakufa. Nikasogea mpaka mdomo wa bunduki ukagusa kioo. Hakufa, na yule mbwa akachomoza kwenye majani akanicheka. Nikaipeleka bunduki kwa fundi, akanitazama kwa huruma.

"Dada, bunduki nzima hii. TV yako ndiyo mbovu."

Akanieleza, na baadaye nilihakikisha ni kweli. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panatokea kibox cheupe. Ndani ya bunduki kuna jicho la kuona mwanga. Likiona giza halafu mwanga, umepiga. TV za zamani huchora papo hapo. Hizi bapa huichakata picha kwanza, zinachelewa kidogo tu, na bunduki haisubiri. Inahitaji TV ya chogo.

TV ya chogo nilipewa bure na jirani, kwa sharti nisiirudishe. Ilibebwa na vijana wawili. Nikaiweka chini, maana hakuna meza siku hizi inayoiweza, nikachomeka waya wa antena, nikaanza kutafuta kwenye chenga. Mtoto wa kaka yangu akawa ananitazama kama ninayepiga ramli. Ilipotokea, kijivu kwanza, kisha rangi, akauliza mbona inaenda polepole. Nikamwambia hiyo ndiyo spidi yake.

Siku ya Idd baba yake, yaani kaka yangu, akaja. Ana miaka arobaini na minne, ana kitambi, ana sukari kidogo, anavaa miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni. Alikuta viatu vya watoto vimejaa mlangoni na ule muziki unatoka ndani. Hakusalimia mtu. Alikaa sakafuni kwa awamu, mkono mmoja kwenye ukuta, akanyoosha mwingine akachukua pedi ya kwanza kutoka kwa mwanawe bila kuomba.

Nikachukua ya pili. Nikaanza kumwombea.