Yaya, mtu hujifunza kuogelea kwenye beseni?

Swali hilo nilitupiwa na kijana mmoja hapa Lubumbashi, ambako yaya ni mkubwa wako, ndeke ndogo ikikata juu yetu kuelekea uwanja wa ndege wa Luano. Nilikuwa nimesema kwamba anayeanza urubani atosheke na Cessna 172, ndege ndogo tulivu ya mafunzo. Yeye anataka ndege ya sarakasi tangu siku ya kwanza, na mfano wake ni SF.260.

Mfano si mbaya. Mwitaliano Stelio Frati aliichora kama ndege ya watu binafsi, wenye pesa zao. Iliruka mara ya kwanza Julai 1964 kwa jina la F.250, ikiwa na injini ya nguvu farasi 250. Kampuni ya SIAI-Marchetti wakaitia ya 260, na jina likafuata injini. Lakini walioikuza ni wanajeshi: Ubelgiji iliichukua kufundishia marubani, Zaire ikanunua zake, majirani zetu Zambia pia. Likaja toleo la kubeba silaha, na mwaka 1980 likaruka la injini ya turbini.

Kijana ana hoja moja nzito. Kinachoua marubani wengi ni hewa kuachana na bawa, ndege ikashuka inazunguka kama pia ya watoto. Dawa yake ni maneno machache: punguza gesi, kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko, sukuma fimbo ya kuongozea mbele. Sasa jaribu kusukuma fimbo mbele wakati kioo chote kimejaa ardhi! Mkono wenye hofu huvuta. Ndege ya abiria, Air France 447, ilianguka Atlantiki Juni 1, 2009, ikaua watu 228, na sehemu kubwa ya kushuka kwake fimbo ilikuwa ikivutwa nyuma. Ulaya imejifunza: tangu Desemba 2019 anayesomea urubani wa mashirika ya ndege hupitia angalau saa 3 za kuokoa ndege iliyopoteza mwelekeo, angani kwelikweli.

Saa 3, lakini. Si 40, ambazo ndizo kiwango cha kawaida cha chini cha leseni ya mwanzo. Hapo ndipo ninapoachana naye.

Magurudumu ya SF.260 hukunjwa, na mwanafunzi mwenye mambo kumi kichwani husahau kuyashusha; ya Cessna yamesimama palepale. Kila mpinduko huchosha chuma cha bawa, na fundi wa kulikagua analipwa. Luano nayo iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Joto la Oktoba likipanda, injini ya pistoni isiyo na kisukuma hewa cha kuilisha hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hata haijaondoka chini. Petroli yake ni ghali na adimu sehemu nyingi za Afrika. Turbini ingekunywa mafuta yaleyale ya ndege kubwa, sawa, ila bei ya kuifanyia matengenezo usiiulize ukiwa umesimama.

Kwa hiyo beseni kwanza, yaya wako nimesema: saa nyingi kwenye ndege tulivu, halafu chache za kupinduliwa, hata kama ni kwa kukodi ndege ya sarakasi nchi nyingine. Kijana alicheka, akauliza nani atakayempindua. Swali zuri kuliko la kwanza. Ndege hukodiwa, mwalimu aliyezunguka kama pia mara nyingi na kila mara akatoka, huyo ndiye wa kutafutwa kabla ya kulipa franga moja.