Mafundi Wanane, Meza Moja

Nimenunua simu mpya. Msinipongeze kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Tandika, na kwa miaka sita nilikuwa na simu iliyopasuka kioo kuanzia kona ya juu mpaka katikati. Kwa mtu mwingine hiyo ni aibu ndogo tu. Kwa fundi ni hatari. Mteja anakutumia picha ya gauni, wewe unaona gauni lina mpasuo wa pembeni, kumbe mpasuo ni wa simu. Kuna dada mmoja nilimshonea hivyo hivyo, akaenda nalo kwenye ubarikio, akarudi kunishukuru kwamba nimemwongezea ubunifu. Nikanyamaza. Fundi akisifiwa haulizi kwa nini.

Basi mwezi uliopita nikavunja kibubu, nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kule ambako hata usiposimama unauziwa. Kijana wa duka akaniwahi. "Mzee wangu, hii si simu, hii mashine! RAM nane, core nane. Fungua vitu ishirini kwa mpigo, haistuki." Kwanza mzee wangu nani, nina miaka 43. Lakini akanifungulia kweli: kamera, kikokotoo, redio, saa, picha, dira. Dira! Tangu nizaliwe sijawahi kupotea Tandika nikaanza kutafuta kaskazini. Ila vidole vyake vilikuwa vinaruka juu ya kile kioo na simu inamfuata kila anapokwenda, nami nikalainika. Nikalipa 350,000, na 15,000 nyingine ya kava na protekta, ambavyo dakika mbili nyuma aliniapia kuwa ni bure.

Sikujiuliza kitu kimoja: vile vitu ishirini vyote vilikuwa vitupu. Sanduku la picha lisilo na picha nani atashindwa kulifungua? Ningempa alifungue kundi letu la kikoba lenye ujumbe 600 sijausoma, nusu yake "Amina" na nusu nyingine video za maua ya asubuhi njema, tuone kama mashine haistuki.

Siku ya kwanza kazini nikaikalisha mezani kama bosi. Nina oda ya sare za harusi. Nikafungua WhatsApp, vipimo vya dada wa kwanza hivi hapa: kifua 36, kiuno 30, nyonga 40. Nikatoka kidogo tu kwenda kwenye kikokotoo nigawe kwa nne. Msinicheke, kumi ya kichwani naijua, ila baada ya miaka ishirini ya kukata vitambaa vya watu sikiamini tena kichwa. Nikarudi WhatsApp. Haipo! Yaani ipo, lakini inaanza upya, ile nembo yake katikati ya kioo, kama mtu uliyemwamsha usingizini anakukodolea macho hajui wewe ni nani. Ikafunguka. Haikufungukia pale nilipoiacha, ilifungukia mwanzo kabisa, kwenye orodha ya watu wote. Na aliye juu kabisa ya orodha ni dada mwingine wa harusi ile ile, sare ile ile, ambaye sekunde hiyo hiyo alikuwa ametuma vipimo vyake. Nikabonyeza. Nyonga 48. Sawa, 12 kila upande. Mkasi ukapita.

Sasa yule dada wa kwanza ana sketi ambayo anaweza kuingia na mwenzake. Nashukuru nilikosea kwenda huko. Ningekosea kurudi ndani, saa hizi ningekuwa nimeshahamia Mtwara.

Jioni nikamwita mpwa wangu, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Akageuza boksi la simu, akanionyesha maandishi madogo kuliko bei ya kweli ya kitu chochote Kariakoo: 4 + 4.

"Mjomba, umeuziwa nne."

"Si nane hizo? Jumlisha."

"Sikiliza. RAM ni hii meza yako ya kukatia. Kilichopo mezani unakigusa hapo hapo. Stoo ya simu ni lile kabati lako kule nyuma. Nne ya kwanza ni meza ya kweli. Nne ya pili wamekata kipande cha kabati, wakakiita meza."

Hapo akanipata, maana kabati langu nalijua. Kubwa, linameza jora tatu, lakini mpaka uinuke, ufungue, uhamishe ya juu uipate ya chini, uikunjue, mteja ameshaenda kwa fundi wa jirani. Nikamuuliza, na hiyo meza ya kweli je, yote yangu? Akacheka. Akasema kabla sijafungua hata kitu kimoja asubuhi, Android mwenyewe ameshatandaza vitambaa vyake karibu nusu ya meza.

"Na core nane?"

"Hao ni mafundi, mjomba. Unao wanane."

Mafundi wanane kwenye meza moja, na nusu ya meza kakalia mwenye nyumba. Mimi nimewahi kufanya kazi na fundi mwenzangu mmoja tu kwenye kibaraza kimoja, tukagombana wiki ya pili kwa sababu ya pasi ya mkaa.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulala nalo vizuri. Meza ikijaa, humo ndani kuna mmoja ambaye kazi yake ni kupunguza. Anatazama nani hajaguswa kitambo, anamtupa chini, bila hodi bila samahani. Na wale wahandisi waliomtengeneza, kwa Kiingereza chao, jina walilompa lina neno "muuaji" kabisa, hawakuona haya. Yaani mimi nimegeuka sekunde kumi kugawa arobaini kwa nne, nyuma yangu vipimo vya mtoto wa watu vimeuawa.

Mpwa akanipa dawa: kugawa kioo. Eti kitu hicho kimo ndani ya Android tangu toleo la 7, mwaka 2016, mimi sina habari. Juu unaweka hiki, chini unaweka kile, vyote unaviona. Nikajaribu. Juu vipimo, chini kikokotoo. Wallahi nilifurahi, nikamwita mpaka muuza kahawa aje aone. Akaona, akasema "Hongera, fundi." Kisha nikataka kumjibu mteja kwamba vipimo nimevipata. Nikagusa pale pa kuandikia, kibodi ikapanda kama maji ya Jangwani wakati wa masika. Ikafunika chini yote, ikasogea juu, ikaniachia mstari mmoja wa WhatsApp na robo ya kikokotoo. Nilikuwa naandika kwa kuchungulia, kama mtu anayezungumza na jirani kupitia tundu la ukuta.

Lakini hayo yote ni cha mtoto. Niwaeleze usiku wa LUKU.

Saa tatu usiku, umeme pap, uniti zimeisha. Nikanunua kwa simu, meseji ikaja, tokeni ya tarakimu 20. Mita yetu imefungwa juu ya mlango na mtu ambaye bila shaka alikuwa mrefu kwelikweli. Kwa hiyo picha yenyewe ni hii: mimi juu ya stuli, mkono wa kushoto una simu, simu hiyo hiyo ndiyo tochi, hiyo hiyo ndiyo karatasi ya tokeni, mkono wa kulia unabonyeza mita. Nikabonyeza nne za kwanza. Nikabonyeza nne za pili. Kioo kikazima. Nikaweka kidole kifunguke, kikakataa. Kidole cha fundi kimetobolewa na sindano miaka ishirini, hakina tena alama ya kusomeka. "Jaribu tena." Nikajaribu tena. "Jaribu tena." Nikaingiza namba ya siri kwa kidole gumba, stuli inacheza, watoto chini wananishangilia gizani kama niko kwenye sarakasi. Ikafunguka. Nikatafuta nilipofikia, na hapo hapo mama mkwe akapiga.

Mama mkwe hakatiwi simu. Nikapokea, juu ya stuli, kwa adabu zote. Akaniuliza hali, akauliza ya watoto mmoja mmoja kwa jina, akauliza mguu wangu ambao uliniuma mwaka jana. Nimemaliza, narudi kwenye meseji: simu inanionyesha orodha ya meseji zote kuanzia juu, na juu kuna matangazo matatu ya bando na moja la kuniambia nimeshinda kitu. Nageukia mita, nayo imechoka kunisubiri, imefuta vyote. Tarakimu 20, tunaanza na ya kwanza.

"Baba watoto," sauti ikatoka chini gizani, "hebu nitumie hiyo meseji huku."

Mke wangu ana kitochi. Ndugu yake yule Nokia 1100 wa mwaka 2003, aliyeuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na sasa naelewa kwa nini. Ukifungua meseji kwenye kitochi, ni meseji. Ukienda ukachota maji ukarudi, bado ni meseji. Akanisomea nne nne kwa sauti ya imamu, taa ikawaka. Akanitazama mimi, akaitazama simu ya 350,000, hakusema kitu. Afadhali angesema.

Kuna na hili la kulaza. Simu inajifanya inanihurumia chaji, basi usiku na mchana inalaza programu ambazo yenyewe imeona hazina maana. Katika hekima yake ikaona WhatsApp imechoka, ikailaza. Ujumbe wa kikoba "kikao kimesogezwa, leo saa kumi" ukanifikia saa mbili usiku nilipofungua mwenyewe, na chini yake ujumbe wa pili: faini 2,000 kwa wasiofika. Nikamwambia mhazini kwamba simu ilikuwa imeilaza WhatsApp. Akanijibu, "Na wewe ulikuwa umelala nayo?"

Jirani yangu wa saluni ana falsafa yake. Kila baada ya dakika tano anafungua ile orodha ya vitu vilivyofunguliwa, anavifagia vyote kwa kidole, fya, fya, fya, "simu ipumue." Nikaiga. Mpwa akanikataza, anasema ukiifagia unailazimisha ianze kila kitu kutoka sifuri, na kuanza kutoka sifuri ndiko kunakokula chaji. Mama yangu alitukataza kufagia usiku, tutafagia riziki. Kumbe alikuwa mbele ya wahandisi.

Nikawa nawaza haya ndani ya daladala ya Mbagala, namtazama konda. Ananing'inia mlangoni, noti amezikunja katikati ya vidole, sarafu zinachezeshwa kiganjani, anaita abiria, anagonga bodi, anagombana na trafiki kwa macho, anatafuna muwa. Watu watano wanamdai chenji. Nilidhani mimi amenisahau, nimekaa siti ya nyuma kabisa. Tunafika Rangi Tatu, bila kugeuka: "Wewe wa kofia ya draft, mia tatu yako hii." Huyu ana RAM ngapi? Sijawahi kumwona konda anasimama katikati ya barabara, anafumba macho, anafumbua, anasema: samahani abiria, nimewasahau wote, tuanzie kituo cha kwanza.

Sasa ya leo ndiyo iliyonileta hapa. Saa nne asubuhi nimekaa kibarazani, nina pini nne mdomoni, redio ya simu inaimba, kikokotoo kiko wazi, kioo nimekigawa, chaji asilimia 9, bando linaelekea kuisha. Anapiga mteja, yule wa gauni la Jumamosi. Nikapokea. "Dada yangu! Gauni lako tayari kabisa, imebaki vifungo na pasi." Mafundi wenzangu mtanielewa, vifungo na pasi ni sala yetu. Gauni lenyewe lilikuwa bado ni kitenge, kimekunjwa, kiko ndani ya mfuko kilimoletwa, juu ya meza, mbele yangu.

Akasema, "Ngoja nipige ya video nilione."

Sikuogopa. Nikasema moyoni, leo simu yangu utanifaa. Redio inaimba, kikokotoo kiko wazi, kioo nusu kwa nusu, chaji hakuna: huyu muuaji wa ndani akikosa wa kumuua leo, basi hayupo. Ganda. Zima. Anza upya. Sahau kila kitu kama ulivyozoea.

Video ikafunguka mara moja. Haikuganda. Haikukwaruza. Rangi ziko safi kuliko macho yangu mwenyewe, redio imejinyamazisha kwa adabu, na kamera ikapata kitu cha kukazia, ikakikazia vizuri kabisa: mfuko, kitenge, na karatasi ya bei ya duka bado imebandikwa.

Kimya.

"Haloo?" nikasema. "Haloo, dada? Unakatika. Mtandao huku..."

"Hukatiki, fundi," akasema. "Nakuona mpaka pini za mdomoni. Ziko nne."