Bahasha Tatu za Kaki

Mwaka mmoja nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi nikiwa na bahasha tatu za kaki mapajani. Kila moja ilikuwa na nakala ya tamthilia yangu, kurasa 62. Mbili niliziacha kwa mabawabu. Ya tatu nilimkabidhi mtayarishaji mwenyewe, akaniahidi kuisoma. Miezi minane baadaye nilimpigia simu. Akaniuliza jina la mchezo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, kwa sasa natafuta mchezo wa watu wanne tu. Kukodi ukumbi kumekuwa ghali."

Mchezo wangu ulikuwa wa watu wanne.

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Alikuwa akitafuta nami nilikuwa nikitafuta, na kile tulichokitafuta sote wawili kilikuwa ofisini mwake, ndani ya bahasha isiyosema chochote juu yake isipokuwa jina langu.

Wamarekani wana mtandao uitwao New Play Exchange, ulioanzishwa mwaka 2015 na National New Play Network, muungano wa kumbi zinazojishughulisha na tamthilia mpya. Mwandishi hulipa ada ndogo kwa mwaka, hupakia mswada wake na kuueleza: wahusika wangapi, wa kike wangapi, unachukua dakika ngapi, ni futuhi au tanzia. Mtayarishaji mwenye waigizaji watatu na jukwaa finyu hutafuta kwa vigezo hivyohivyo, akapata orodha ya kusoma jioni ileile. Ninalolipenda zaidi ni mapendekezo. Msomaji aliyevutiwa na mchezo huandika kilichomvutia, na maneno yake hubaki pale, yakimsemea mwandishi asiye na mjomba katika ukumbi wowote.

Muungano huohuo una utaratibu mwingine: angalau kumbi tatu hukubaliana kuuigiza mchezo mmoja mpya, kila ukumbi kwa namna yake. Wameelewa kwamba mchezo ukichezwa mara moja tu na kuachwa, mwandishi hajapata nafasi ya kuukomaza.

Kwetu Kenya, tamthilia ya Kiswahili ina njia moja kubwa ya kuishi, nayo ni kuteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa. Hapo vikundi vya waigizaji huizungusha shule hadi shule, na ninawaheshimu sana, maana wamewaonjesha ukumbi watoto wengi ambao hawangeuona kwingine. Isipoteuliwa, inalala. Na mwandishi akishalijua hilo, kalamu yake huanza kumtazama mtahini badala ya mtazamaji. Tamasha la maigizo ya shule nalo lipo tangu 1959. Ni michezo mingapi imeandikwa kwa ajili yake, ikashangiliwa mpaka fainali, kisha karatasi zake zikapotelea kwenye kabati la mwalimu aliyehamishwa?

Nikisema nasi tuwe na mahali kama hapo pa kuweka miswada yetu, wenzangu watasema wataibiwa. Hofu hiyo naijua, hata mimi ninayo. Lakini bahasha zangu tatu hazikuwa na ulinzi wowote. Yeyote angeweza kuzitoa nakala, nisijue. Mswada uliosajiliwa kwanza kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani KECOBO kwetu Kenya, au COSOTA kwa ndugu zetu wa Tanzania, kisha ukawekwa mahali penye jina na tarehe mbele ya macho ya watu, ni mgumu zaidi kuuiba kuliko ule unaopita mkono kwa mkono. Mwenye wasiwasi aweke kurasa kumi za mwanzo, zilizobaki azitoe akiombwa.

Wala tusingoje mfadhili. Orodha moja ya pamoja kwenye intaneti inatosha kuanzia, ili kikundi cha Kisumu kimpate mwandishi wa Tanga, na yule wa Tanga apate kusomwa Bujumbura. Lugha imeshavuka mipaka hiyo zamani. Miswada ndiyo inayokwama. Ninachoomba kwa watayarishaji ni kimoja: mkisoma mchezo mkaupenda, hata kama hamna fedha za kuuigiza, andikeni mistari miwili chini yake. Atakayefuata atajua pa kuanzia.

Wangu nauweka wa kwanza. Wanawake wawili, wanaume wawili. Mandhari moja, ukumbi wa nyumba ya Kibokoni, Mombasa, wakati wa kaskazi. Dakika 80. Tanzia.