Draiva za Wi-Fi Kwenye Linux: Nani Abebe Mzigo?

Unasasisha kompyuta ya Linux, unaiwasha upya, na Wi-Fi haipo tena. Kwa wenye vile vidude vya USB vyenye chipu ya Realtek RTL8812AU, kero hii imedumu miaka mingi. Draiva ya chipu hiyo, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia, iliishi nje ya kerneli, ule moyo wa mfumo wa Linux: mtumiaji aliipakua, akaikompaili (akaugeuza msimbo kuwa programu) mwenyewe, na kila kerneli mpya ilipokuja iliweza kugoma.

Inagomaje? Chukua fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi fulani) moja tu, cfg80211_ch_switch_notify, ambayo draiva huitumia kuiarifu kerneli kwamba chaneli imebadilika. Ilipofika kerneli 6.0 ilishaongezewa kigezo, yaani taarifa ya ziada ambayo draiva lazima iipe, kwa ajili ya Wi-Fi 7 ambayo kifaa kimoja huweza kushika miunganisho kadhaa kwa pamoja. Katika 6.3 ikaongezewa kingine. Katika 6.9 hicho cha pili kikaondolewa. Draiva iliyomo ndani ya kerneli hurekebishwa na huyohuyo anayeibadilisha fanksheni, tena kwa kiraka (marekebisho ya msimbo) hichohicho. Ya nje hubaki na wito wa zamani mpaka mtu ajitolee kuurekebisha.

Wapo wanaoilaumu kerneli yenyewe. Wanasema viungo vyake vya ndani, yaani fanksheni kama hiyo ambazo draiva hutumia, vingetulia, mtengenezaji angeandika draiva mara moja na ikadumu miaka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu anayeumia ni mnunuzi, na yeye hana habari na mabishano haya. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wa kerneli, aliijibu katika waraka unaosambazwa pamoja na kerneli: sehemu ya USB pekee ilishafumuliwa na kuundwa upya angalau mara tatu, na kama viungo vingegandishwa, makosa ya zamani yangebaki humo milele. Mimi nakubaliana naye, na kinachonisukuma zaidi ni usalama.

Oktoba 2022 ilitangazwa mianya katika mac80211, msimbo wa pamoja ambao draiva nyingi za Wi-Fi zimeuegemea tangu 2007. Mtu aliye karibu nawe aliweza kurusha matangazo ya mtandao yaliyochezewa na kuishambulia kerneli yako, hata kama hujajiunga na mtandao wake. Ziba pale, na draiva zote zinazoutegemea msimbo huo zimepona. Lakini draiva za nje za Realtek, kama hiyo ya 8812AU, hubeba msimbo wao wa kazi hiyohiyo. Mwanya ukiwa humo, viraka vya mac80211 havisaidii kitu.

Hata hivyo, kuingia ndani si kinga. Mwaka 2019 uligunduliwa mwanya katika rtlwifi, draiva ya Realtek iliyomo ndani ya kerneli kabisa, na ulikuwa umekaa humo angalau miaka minne. Msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu. Wasomaji ndio wachache. Larry Finger, aliyezitunza draiva za Broadcom na Realtek kwa miaka mingi, alifariki Juni 2024. Mapema 2025 Kalle Valo naye akaachia usimamizi wa draiva za Wi-Fi. Kazi inayotegemewa na mamilioni ya watu inabebwa na watu unaoweza kuwataja kwa majina.

Ndiyo maana sioni ubaya wa kuondoa draiva zilizokosa mtunzaji. Mwaka 2023 Arnd Bergmann, mwandishi mwingine wa kerneli, alipendekeza kufuta kadhaa, zikiwemo Orinoco na ray_cs za kadi za PCMCIA, zile za zamani za kuchomeka ubavuni mwa laptopu. Huku kwetu, ambako kompyuta nyingi ni used kutoka Ulaya na Dubai, habari kama hiyo hushtua. Lakini kadi za ray_cs zina kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Hata laptopu kuukuu ya leo haiji na kadi hiyo.

Kinachoniudhi ni upande wa pili. RTL8812AU iliuzwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kupata draiva ndani ya kerneli, katika toleo la 6.14 la Machi 2025. Atheros, kampuni nyingine ya chipu, ilitoa draiva yake ya ath9k kwa msimbo wazi mwaka 2008, na Broadcom ikafuata na draiva ya baadhi ya chipu zake mwaka 2010 baada ya watu wa nje kuhangaika miaka kuzichunguza chipu za Broadcom bila msaada wake. Kampuni inayouza chipu ndiyo yenye nyaraka zake, maabara na mshahara wa kumlipa mhandisi. Draiva iingie kerneli, sawa, lakini iingie pamoja na mhandisi huyo.