Mpishi wa Kulala Malindi: Chumba cha Uani Si Zawadi

Ukitafuta kazi ya upishi katika majumba ya Casuarina, Malindi, swali la mapema ni hili: utalala hapa, au utarudi kwako? Wengi wanaotoka mbali, Ganze au Marafa, hujibu kwamba watalala, nami siwalaumu. Chumba cha uani hakina kodi, maji na stima ni vya mwenye nyumba, na hakuna boda ya kulipa kila jioni. Mama aliyewaacha watoto kwa bibi yao anaweza kutuma nyumbani karibu mshahara wote. Hiyo si faida ndogo.

Lakini anayelala kwake mtaani, tuseme Maweni, huvua aproni jioni akaenda zake. Wa uani amewasha jiko alfajiri, amekuna nazi, ameparura samaki, ameosha vyombo vya usiku, kisha saa tano wageni wanarudi matembezini wakitaka tambi. Atakataaje, na taa ya chumba chake inaonekana? Desemba hadi Machi, nyumba zikijaa, hata ofu yake hupotea hivihivi, ingawa Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7.

Waajiri nao wana hoja. Masika yakiingia wageni huondoka, nyumba hubaki tupu, na wapo wanaoendelea kumlipa mpishi asiyempikia mtu. Hao nawashukuru kwa dhati. Nisichokikubali ni kauli ya "nimempa chumba, ndiyo maana mshahara ni mdogo". Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri atoe makazi yanayofaa, au pesa za kodi juu ya mshahara, isipokuwa kama mkataba umekwisha kuijumlisha kodi humo.

Linalonitia hofu zaidi ni siku ya kuachishwa. Aliyepanga chumba mtaani Muyeye hupoteza kazi tu. Wa uani hupoteza kazi na pa kulala jioni ileile, pengine bila kujua kwamba anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi ya siku 28 au malipo badala yake.

Kwa hiyo mwenye kwao mjini namshauri arudi kwake, hata akiba ikipungua. Wa mbali alale, ila yaandikwe: saa ya kufunga jiko, siku ya ofu, malipo ya masika, na muda wa kuhama kazi ikiisha. Na kazi ikiwa ni ya miezi 3 au zaidi, jukumu la kuuandaa mkataba huo ni la mwajiri, si la mpishi.