Hita Mpya na Watu wa Kanisa

Najua mshasikia. Huyu rafiki yangu, ambaye kuanzia leo namuita Msemaji wa Serikali, ameshaeneza kwamba nililipua gari nikiwa uchi mbele ya kwaya. Uongo mtupu. Gari liko sawa, na hiyo haikuwa kwaya, walikuwa watu wa ploti tu wanaelekea kanisani, sema wengine walikuwa na sare.

Kwa wageni hapa, kampa yangu ni ile nissan ya zamani iliyokuwa inabeba abiria 14 na sasa inabeba kitanda, meko na ndoto zangu. Iko Zimmerman, hapa Nairobi, imeegeshwa nyuma ya ploti. Ilikuwa na hita ya gesi ya maji ya kuoga, ya tanki, galoni 6, yaani kama lita 23, zile za magari ya kulala ya Marekani. Shida yake unangoja wee mpaka maji yote yapate moto, ukishaoga mwenzako anakuta baridi, na gesi imeisha ikichemsha maji hakuna mtu ametumia. Hii mpya haina tanki. Maji yakianza kupita yenyewe inahisi, betri mbili zile nono za redio zinapiga cheche, gesi inawaka, maji yanatoka moto. Ukifunga bomba inazima. Moshi unatokea nje kwa ubavu wa gari, na hapo msicheze wasee, moshi wa gesi kwa gari lililofungwa unaua mtu akiwa amelala na hata hausikii harufu.

Fundi simsemi vibaya. Aliweka regyuleta ya presha ndogo, akapaka povu la sabuni kila maungio kuangalia kama kunavuja, kukavu kabisa. Ila zile betri zilizokuja na boksi, nadhani zilichoka kabla hazijafika Kenya.

Basi Jumapili, baridi ya Julai, ile ya kuosha uso na miguu tu. Nikafungua shawa. Tik tik, fuuu, maji moto hayo. Jameni raha! Nikajipaka sabuni kuanzia utosi hadi kidole, nikaongeza na shampuu, macho nimefunga, nimeanza hata kuimba.

Sasa hii pampu ya volti 12 ina tabia moja, presha ikijaa inakata, ikishuka inarudi, inakata, inarudi, na kila ikikata maji yanapungua na hita inadhani umemaliza kuoga. Ikazima. Maji yakaja baridi, si baridi ya kawaida, baridi ya Limuru saa kumi na moja alfajiri. Nikatoa sauti ambayo Msemaji anasema ilikuwa ya mbuzi. Nikasikia pampu imeamka, drrrr. Hita nayo ikajibu, tik. Nikangoja. Tik. Mwendo wa mzee anapanda ngazi. Na muda huo wote gesi inamwagika tu mle ndani ikingoja cheche yenye nguvu. Harufu ikanifikia. Nikasema "haya". Tik.

BUUM!

Mfuniko wa nje uliruka ukapiga ndoo ya keateka, msimamizi wa ploti, na hiyo ndoo ndiyo ilipiga kelele kuliko mlipuko wenyewe. Mimi miguu iliamua bila kuniuliza. Nilitoka nimeshika pazia la shawa, shampuu inachoma macho, sioni kitu, nikaingia moja kwa moja kwa kamba ya nguo na shuka ya mtu ikanikumbatia, nikajua nimesitirika. Kumbe imenifunika kichwa peke yake. Na pazia limenaswa kwa mlango. Nikatoa kichwa pole pole, nikafungua jicho moja. Mama fulani na Biblia yake akaniangalia, akaangalia juu mbinguni, akaniambia kwa upole kabisa, "Pole mwanangu, ingia ndani." Afadhali angenitusi! Hapo ndipo soja akafika mbio na ndoo ya mchanga, na badala ya kumwagia hita akanimwagia mimi. Povu na mchanga, hebu wazeni.

Mengine ni mafupi. Gesi ikafungwa, hakuna aliyeumia, nyusi zangu zote zipo, Msemaji hilo nalo ulitangaze. Nikanunua betri mpya na katangi kadogo ka kutuliza presha baada ya pampu, sasa inawaka tik moja na haizimi. Moto uko chini kiasi kwa sababu Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, lakini unaoga vizuri. Ama ungeoga, maana keateka amepiga marufuku kuoga ndani ya gari kwa kompaundi, so hita iko fiti na mimi naoga kwa beseni. Shuka nimelipa.

Ile hita ya tanki nauza, bei tutaongea. Uje na pikapu, na uje Jumapili watu wakiwa wameshaingia kanisani.