Monel baharini: chuma kizuri, jirani mbaya

Mwaka 1915 tajiri mmoja wa Marekani alijengewa boti ya starehe iliyopewa jina la Sea Call. Hakutaka kusikia habari za kutu, kwa hiyo bodi la boti hiyo likafunikwa mabamba ya Monel, aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na shaba ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka kumi tu, ikisifiwa kuwa maji ya chumvi hayaiwezi. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini baadhi ya sehemu za muundo wa boti zilibaki kuwa za chuma cha kawaida, na baada ya muda mfupi majini zilikuwa zimeliwa vibaya, boti ikaishia kwenye vyuma chakavu. Monel yenyewe ilikuwa bado nzima.

Watu hukisimulia kisa hiki kama ushahidi dhidi ya Monel. Mimi naona ni ushahidi dhidi ya aliyechora ile boti. Unapozigusanisha metali mbili ndani ya maji ya bahari, umetengeneza betri. Kati ya Monel na chuma kuna tofauti ya karibu nusu volti, na anayelipa ni chuma. Ukubwa wa eneo nao una maneno yake: bamba kubwa la Monel likizungukwa na vipande vidogo vya chuma, ulaji wote unavilemea vile vipande. Mambo yakiwa kinyume, yaani bolti chache za Monel kwenye bamba kubwa la chuma, hasara husambaa na pengine usiione kwa miaka.

Aloi hii ilizaliwa kwa njia ya mkato. Madini ya Sudbury, Ontario, huko Kanada, yana nikeli na shaba pamoja, na kuzitenganisha ilikuwa kazi ghali. Mwaka 1905 Robert Stanley wa kampuni ya International Nickel akaona kwa nini ahangaike: aliyeyusha vyote kwa pamoja kama vilivyotoka ardhini. Jina likatokana na Ambrose Monell, rais wa kampuni, likapunguzwa herufi moja. (Mwamba wa Kabanga, Ngara, hapa Tanzania, nao una nikeli na shaba pamoja, na kobalti juu yake. Kwetu mazungumzo yote ni ya betri za magari, kana kwamba nikeli haina kazi nyingine.)

Inayotumika zaidi ni Monel 400: nikeli isiyopungua asilimia 63, shaba kati ya 28 na 34, na chuma na manganizi kidogo. Nguvu yake kuu huonekana kwenye maji ya bahari yanayokwenda kasi. Shaba tupu huchimbwa na mkondo, lakini Monel hustahimili, ndiyo maana unaikuta kwenye shafti za propela, pampu na vali za maji ya chumvi. Miguu ya majukwaa ya mafuta baharini nayo huvishwa aloi hii pale mawimbi yanapopigapiga, mahali ambapo chuma huliwa haraka kuliko hata chini ya maji. Nguvu yake nyingine ni dhidi ya asidi ya hidrofloriki, inayokula hata glasi. Viwanda vya kusafisha mafuta huitumia asidi hiyo kutengeneza petroli bora, na kwenye mitambo hiyo Monel ni kati ya metali chache za kutegemewa. Hata huko ina sharti lake: mvuke wa asidi hiyo ukichanganyika na hewa, Monel iliyo chini ya mkazo inaweza kupasuka.

Upande wa pili una hoja nzito. Kwanza bei. Chuma cha pua cha daraja la 316 kina nikeli asilimia 10 hadi 14, Monel ina zaidi ya 60, kwa hiyo nikeli ikipiga chafya Monel inalazwa. Machi 2022 bei ya nikeli kwenye soko la metali la London ilivuka dola 100,000 kwa tani ndani ya siku moja, hadi biashara ikasimamishwa. Pili, ni chuma kisumbufu kwenye mashine ya kukerezea: kadiri unavyokikata ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu, na kisu kikizubaa kidogo kimekwisha. Tatu, maji yaliyotuama. Boti ikifungwa gatini miezi kadhaa, Monel 400 nayo hutoboka vishimo, hasa chini ya uchafu ulioganda. Amonia na asidi ya nitriki huila, hali kadhalika dawa ya klorini ya kupaushia nguo.

Kuna jamaa yake mwenye nguvu zaidi, K-500, iliyotiwa aluminiamu na titaniamu kidogo. Ugumu wake unavutia kwa bolti za chini ya bahari, lakini hapo ndipo ajabu ilipo. Ukiifunga karibu na vile vipande vya zinki vinavyowekwa kulinda chuma kisiliwe, haidrojeni inayozalishwa huweza kuingia ndani ya bolti na kuifanya ikatike kama biskuti. Kinga ya mmoja imekuwa maradhi ya mwingine.

Kwa mwenye boti ya uvuvi anayebishana na fundi wake kuhusu shafti, msimamo wangu ni huu: boti inayotoka kila siku na bajeti inaruhusu, Monel inastahili. Boti inayolala wiki tatu kwa mwezi, fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye chuma cha pua kizuri na ratiba ya kuipandisha pwani kuikagua. Bodi zima la Monel, hapana kabisa.

Na kama shafti yenyewe imetoka kwa wauza vyuma chakavu, nenda na sumaku na ndoo ya barafu. Monel 400 hupoteza usumaku mahali fulani kati ya nyuzi 20 na 50 za Selsiasi, kutegemea mchanganyiko wake, kwa hiyo kipande kilichoanikwa juani saa saba mchana kinaweza kuikataa sumaku kama 316 inavyofanya. Kitie barafuni robo saa ujaribu tena. Kikianza kunata, una sababu ya kuendelea na mazungumzo ya bei. Kisiponata, bado kinaweza kuwa K-500, ambayo haishiki sumaku hata kwenye baridi hiyo, na hapo itabidi kipelekwe kupimwa maabara kabla hujatoa pesa.